Mabuti ya Kwenda Ukweni

Owino alikuwa askari magereza wa Jinja, sajini mzima mwenye masharubu ya kuchongwa, na katika utumishi wake wote hakuwahi kuchagua kiatu. Viatu alipewa. Stoo inafunguliwa, mtunza stoo anakurushia jozi, unaidaka, unavaa, unashukuru serikali. Vikibana utavizoea, vikipwaya utavaa soksi mbili. Kwa hiyo baba mtu mzima huyu alikuwa hajui namba ya mguu wake mwenyewe. Alijua namba ya stoo tu. Stoo ilimpa tisa, naye akajihesabu mtu wa tisa, na kule kuchechemea kwake kila jioni akadhani ndivyo binadamu wote wanavyorudi nyumbani kutoka kazini.

Sasa Mungu akamkutanisha na Nafuna. Nafuna alikuwa karani kwenye duka la vifaa vya ujenzi, amepanga chumba Mafubira, lakini kwao hasa ni mlimani, juu ya Mbale. Walipendana mpaka majirani wakachoka kuwasema. Likabaki jambo moja: wazee. Baba yake Nafuna, Mzee Wasike, akapiga simu.

"Mwambie huyo afande wako aje," alisema. "Nguruwe mwitu wanatumalizia viazi. Askari wa wanyama wameturuhusu tuwawinde huku mashambani, nje ya hifadhi. Aje tuwinde naye, tumwone."

Tumwone! Neno lenyewe dogo, lakini lilimnyima Owino usingizi. Alikuwa na habari za mchumba aliyemtangulia, mwalimu mmoja aliyepelekwa mlimani vivyo hivyo na viatu vyake vya ofisini. Aliteleza kwenye shamba la kahawa akabiringika mpaka ndani ya zizi la jirani. Hakufa, jamani, msiogope. Aliona haya tu, akahamia Soroti, na mpaka leo anafundisha hesabu huko.

"Mimi sibiringiki," Owino alimwambia Nafuna.

"Nani kasema utabiringika? Wewe njoo kama mtu wa kawaida, kama raia. Mama hapendi mambo ya uaskari."

Owino akaitikia ndiyo, ndiyo, huku akili yake imeshafika sokoni.

Sokoni Jinja kulikuwa na mwanamke aitwaye Ramlah, muuza viatu, mwenye Kiswahili kitamu na ulimi usio na breki. Owino alisimama mbele ya meza yake, mikono nyuma, kana kwamba anakagua wafungwa.

"Nataka mabuti ya mlimani," alisema. "Yasipitishe maji, yasichanike, yasiteleze."

"Ya kuwindia nguruwe au ya kuwindia mke?"

"Nani kakwambia?"

"Afande, soko zima linajua. Kaa hapo kwenye kigoda."

Ramlah akamtolea jozi moja baada ya nyingine, na mafunzo juu yake. Hili liache, alisema, si ngozi hili, ni plastiki limepakwa rangi, mvua moja tu linabanduka. Ngozi ya kweli ukiibonyeza inakunjamana halafu inarudi. Tazama mishono, ikiwa mingi ujue maji yatapata pa kupita. Tazama ulimi, huu wa katikati unaofunikwa na kamba. Ukiwa umeachwa huru pembeni umekwisha, maji yanaingia hapo hapo. Lakini huu hapa umeshonwa pande zote mbili mpaka juu. Na soli, pitisha kidole uone meno yalivyo marefu, hayo ndiyo yanauma matope. Halafu shingo ya buti lazima ipande juu ya kifundo, usije ukateguka ukabebwa na mashemeji.

Mwisho akaweka mezani mabuti ya rangi ya kahawia, mazito, yamepakwa nta, kamba zake ndefu za kutosha kufungia mbuzi. Owino aliyapenda papo hapo, ila hakuwa mtu wa kuamini maneno ya muuzaji. Akaagiza beseni la maji. Akavaa mabuti, akaingia beseni, akasimama wima katikati ya soko, kulia nyanya, kushoto dagaa.

"Afande unaoga na viatu?" mmoja akauliza.

"Amekosa nini mpaka wamwadhibu hivyo?" mwingine akadakia.

Owino akakaza macho mbele. Alisimama mpaka akaridhika, akatoka, akavua kwa taabu, akazishika soksi zake.

"Kavu!" alipaza sauti. Akamwonyesha mama aliyekuwa ananunua dagaa. "Shika mama, shika mwenyewe. Kavu!"

Mama wa watu akakataa kushika.

"Sasa nikupe namba kumi," Ramlah akasema, "maana hayo yamekubana. Nimekuona ulivyokuwa unayavua."

"Mimi ni mtu wa tisa."

"Nani kakwambia?"

"Serikali."

"Afande, vidole vyako vimekunjana humo ndani, vinaomba msaada. Mlimani kuna kupanda na kuna kushuka, na mguu ukilowa unavimba. Chukua kumi."

Owino akajaribu kumi. Mguu ukakaa vizuri, vidole vikanyooka, na hapo ndipo alipopata wasiwasi. Hakuwahi kuvaa kiatu kisichomuuma. Alihisi kama hajavaa kitu.

"Haya yamepwaya," alisema. "Kiatu cha mwanaume lazima kibane."

Ramlah alimtazama kwa huruma kabisa, halafu akamfungia tisa. "Basi angalau uyavae kazini kwanza, yalainike."

"Niende ukweni na viatu vilivyokwisha kuvaliwa? Waseme nimeazima?" Owino akayakumbatia mabuti yake na boksi lake, akaenda zake.

Nafuna alitangulia Mbale. Siku Owino aliposhuka basi, alimkuta anamsubiri kituoni, kapendeza, na tabasamu lake tayari. Tabasamu hilo likateremka pamoja na macho yake mpaka miguuni kwa Owino, likaishia hapo.

"Nini hiyo?"

"Mabuti. Hayapitishi maji."

"Owino, nilikwambia uje kama raia!"

"Sina sare, sina kofia. Huu si uraia?"

Nafuna akamvuta pembeni, mbele ya duka moja la jumla lililokuwa limetundika magambuti ya mpira mlangoni. Akamweleza pale pale, kwa hasira na kwa upole kwa pamoja, kama ulivyo mdomo wa mtu anayekupenda. Mama yake, alipokuwa msichana, enzi zile za utawala wa wanajeshi, aliwaona wenye mabuti wakipanda mlimani kwao. Walikuja mara nyingi. Walichukua kuku, walichukua mbuzi, safari moja walimchukua kaka yake na hakurudi. Kila waliposikika, mama alikimbilia kwenye migomba, akajifunika majani, akangoja. Kiswahili chote anachokijua amejifunza akiwa humo, akiwasikia wao.

"Nunua gambuti hapa," Nafuna akasema. "Watu wote kwetu wanavaa gambuti. Hayo yatie kwenye mfuko."

Hapa ndipo ungemzaba kofi, kama ni mwanao. Mtu kapewa dawa mkononi! Owino akayatazama magambuti, akayatazama mabuti yake, nta inang'aa, na kiburi kikamshika shingo. Akasema mama hajawahi kuona ngozi ya namna hii, akiiona atabadili mawazo. Nafuna akaita pikipiki, wakapanda mpaka juu.

Sasa kuna jambo lazima ulijue. Kwa Wagisu wa mlimani kwao Nafuna, kama kwa Wapadhola wa kwao Owino, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakaribiani. Hawapeani mikono, hawakai chumba kimoja, hawatazamani. Ukitokea wewe, mama anajitanda khanga kichwani na kukimbilia jikoni. Akipita yeye, wewe unachepukia kichakani. Wala si chuki. Ndiyo heshima yenyewe hiyo. Mama akikukimbia, ujue umepata mke.

Kwa hiyo Owino alipoingia uani kwa Mzee Wasike alikuwa tayari kukimbiwa. Alikohoa mapema, ili mama apate nafasi. Mzee Wasike akatoka kumlaki, mwembamba, mchangamfu, miguu peku. Akatoka Nyongesa, kaka yake Nafuna, na gambuti lake. Halafu mlango wa jikoni ukafunguka, na mama akatoka.

Hakukimbia. Alikuja moja kwa moja, taratibu, kichwa wazi, akasimama mbele ya Owino uso kwa uso. Akayatazama mabuti kwa muda, akampa mkono.

"Wewe!" alisema. "Kaa chini!"

Owino aliupokea ule mkono. Mwanamke anampa mkono! Anamtazama machoni! Maana yake ilikuwa wazi mchana kweupe: huyu ni mgeni tu, anakunywa chai na kurudi alikotoka. Nafuna aligeuza uso ukutani.

Kuingia ndani ni lazima uvue viatu, kwani sebule ya mtu si barabara. Owino alikaa kizingitini akahangaika na mabuti, Nyongesa akasaidia kuvuta, chai ikapoa, mama akamletea kikombe yeye mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe. "Kunywa!" akaamuru. Kiswahili chake chote kilikuwa hivyo, amri tupu. Owino akanywa kama anayemeza kwinini.

"Mzee," alisema alipopata nguvu, "kuhusu lile jambo letu..."

"Mimi sina neno," Mzee Wasike akajibu. "Mwenye neno yuko jikoni. Nilishamwambia Nafuna. Mama yake akikukubali, tumemaliza. Haya, tukawinde."

Wakatoka na mikuki, nyavu na mbwa wenye njuga shingoni. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi na njia zote zilikuwa sabuni tupu. Nyongesa aliteleza mara moja, mbwa waliteleza, Owino hakuteleza! Meno ya soli yaliuma matope kama alivyoahidi Ramlah. Alipanda, alishuka, akaanza hata kupiga mluzi. Vidole vilikuwa vinamlilia huko ndani, lakini hilo alilizoea toka jeshi la magereza limwajiri. Akawaza, wakirudi Mzee atasimulia, mama atasikia.

Wakafika kijito. Mzee akavuka juu ya mawe, na vidole vyake virefu vikishika kila jiwe. Nyongesa akavuka juu ya mawe.

"Pita kwenye mawe, shemeji," Nyongesa akamwita.

"Ya nini?" Owino akajibu. "Haya hayapitishi maji."

Akaingia katikati. Maji yakamfika kifundoni, hakuna neno. Yakafika nusu ya muundi, bado yuko salama. Hatua iliyofuata yakamfika gotini, yakaingia kwa juu, yakajaa buti la kulia, yakajaa la kushoto, baridi ya mlima mzima. Owino akang'ata meno, akavuka, akasimama ng'ambo na uso wa mtu ambaye hakuna kilichompata.

Na hapo ubora wa bidhaa ukaonekana. Maji hayakutoka. Ngozi ni ngozi kweli, ulimi umeshonwa mpaka juu, mshono haupitishi tone. Buti la ovyo lingekuwa limeshavuja zamani, mtu akaendelea na safari yake. Haya yalishika maji kama mtungi. Kila hatua ilitoa sauti, chubwi, chubwi, mpaka mbwa wakawa wanageuka nyuma kuona ni mnyama gani anawafuata.

"Afande, yameingia?" Mzee akauliza.

"Hayajaingia."

"Mbona unalia hivyo?"

"Ni ngozi mpya, Mzee. Ngozi mpya inalia."

Angekaa chini akamwaga yale maji, mambo yangeisha. Lakini kuvua ni kukiri, naye hakuwa tayari kukiri. Walipotega nyavu chini ya shamba la viazi na nguruwe akatokea kichakani, mkubwa, mchafu, mwenye hasira, Owino alijitahidi kukimbilia nafasi yake. Chubwi chubwi chubwi! Nguruwe akasimama, akasikiliza. Hakuwahi kusikia kitu cha namna hiyo toka azaliwe. Akageuka kwa hofu na kujitosa mwenyewe katika wavu wa Nyongesa, na Mzee Wasike akammaliza kwa mkuki mmoja.

Mzee alicheka mpaka akajishika kiuno. "Afande," alisema, "mbwa wangu wote hawana kazi tena."

Walirudi na nguruwe begani na mvua ikimwagika. Habari zilikuwa njema, ila Owino alijua hazimsaidii kitu, maana aliyemwona kwanza uani, akipita na sinia la viazi bila kujificha, alikuwa mama. Alimwangalia wazi kabisa, mpaka masharubu. Nyama ikapikwa. Desturi ya pale, waliowinda pamoja wanakula ini pamoja, ndani, mkekani. Mzee akaingia, Nyongesa akaingia, Owino akaketi barazani avue mabuti.

Hayakutoka.

Miguu ilikuwa imelowa, imevimba, imejaa humo ndani pomoni. Alivuta buti la kulia mpaka akaona nyota. Akavuta la kushoto. Nyongesa akaja akashika kisigino, Mzee akamshika Owino makwapani, Owino mwenyewe akakumbatia nguzo ya baraza, wakavuta. Nguzo ikalia, mabati yakalia.

"Acha!" Mzee akapiga kelele. "Mtaniangushia nyumba kwa sababu ya kiatu!"

"Tukate," Nyongesa akasema, akachomoa kisu.

"Usiguse ngozi hii!" Owino akayafunika mabuti yake kwa mikono miwili. "Shemeji, weka kisu. Hizi ni ngozi halisi hizi."

"Basi utakula nje na mbwa?"

Mlango wa jikoni ukafunguliwa kwa kishindo. Mama alikuwa amewatazama wanaume hao watatu muda wa kutosha na uvumilivu umemwisha. Alikuwa mwanamke wa nguvu, aliyezoea kuvuta ndama tumboni mwa ng'ombe. Akakunja mikono ya gauni, akapaka sabuni viganja, akavuka ua kwenye mvua, akaja barazani, mkono mbele.

"Lete mguu!" aliamuru.

Nafuna alikuwa mlangoni mwa jikoni na mkono mdomoni. Owino alimwona. Akauona na ule mkono wa mama ukija, na povu lake. Mkono ule ukimgusa mguu, biashara imekwisha. Hakuna mama duniani aliyemshika mtu mguu halafu akawa mama mkwe wake. Atakuwa mgeni wa miguu mizuri, atasindikizwa mpaka barabarani, na Nafuna ataolewa na mwingine mwenye gambuti. Jamani, hapo ndipo Owino alipoogopa kweli. Si nguruwe, si wafungwa, si kubiringika. Alimpenda yule msichana, basi.

"Mama, hapana!" alipiga ukelele.

Akajitupa kutoka barazani. Akaanguka kwa tumbo, akainuka, akakimbia. Sajini wa magereza alikimbia! Chubwi, chubwi, chubwi, kuku wakatawanyika, mbwa wakafuata wakidhani uwindaji umeanza upya. Alipita nyuma ya choo, akateleza, akaenda kwa makalio mpaka chini ya migomba, akajisogeza ndani kabisa. Akavua koti, akalitupia kichwani, akageuza mgongo, akachuchumaa.

"Mzee!" sauti yake ilitoka kwenye majani. "Mzee, mwambie mama asinikaribie! Mimi ni mkwe wake! Apende asipende, mimi ni mkwe, na siwezi kumtazama!"

Ikasikika mvua tu. Mama alibaki amesimama barazani, mkono bado umenyooshwa, povu linadondoka. Aliitazama migomba inayotikisika. Alitazama nyayo za meno marefu zilizochorwa kwenye matope, zinatoka kwake kwenda kule. Mdomo ukaanza kumcheza. Akasema neno moja kwa Kigisu, polepole, kama mtu anayeuliza swali, na Mzee Wasike akaitikia kwa kichwa: ndiyo, amekimbia. Hapo mama akacheka, kicheko kikubwa kilichomlazimu kushika nguzo.

Halafu ghafla, kama aliyekumbuka adabu zake, akaivuta khanga ikamfunika kichwa na uso wote, akainama, akakimbia. Alikimbilia jikoni mbio mbio, akamsukuma Nafuna ndani, akafunga mlango nyuma yake. Kule ndani Nafuna akapiga kelele moja ya furaha iliyosikika mpaka kwa majirani.

Sauti ya mama ikaanza kusemea ukutani, kwa Kigisu, ndefu. Mzee Wasike akasikiliza mpaka mwisho. Akavua kofia yake, akasimama ukingoni mwa baraza, akaielekea migomba kwa heshima zote.

"Mkwe wetu," alisema, "mama anakuletea maneno. Anasema, maisha yake yote, wenye mabuti wakipanda hapa, anayekimbia ni yeye. Na hiyo migomba ulipo ni mahali pake. Anasema wewe ni wa kwanza kumkimbia yeye. Anasema mtoto ni wako. Ila hayo mabuti hayaingii ndani mwake, na ini linapoa."

Majani ya mgomba yalitikisika. Hakutoka mtu. Ulitoka mguu mmoja, halafu wa pili, mirefu, imelala kwenye matope na mabuti yake ya ngozi halisi.

"Shemeji," Owino akasema kutoka ndani ya koti, na sauti yake ilikuwa ya machozi, "njoo na kisu."